Fundo la Kushika na Fundo la Kuachia

Katika ufuo wa Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, ambako mafundi wangali wakichonga vyombo kwa tezo na kekee, nilimtazama asubuhi moja ya kusi mzee mmoja mvuvi akiitayarisha ngalawa yake, na macho yangu yakaiandama mikono yake. Kabla ya kuiteremsha majini alianzia omoni akaishia tezini, akishika kila kilichokuwamo na kukitikisa kwa utaratibu wa mtu ahesabuye tasbihi: mlingoti, nanga, kafi, upondo, kapu la mishipi, ndoo ya kukumbia maji. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole: "Bahari itavitikisa, mwanangu, nami nataka kuitangulia."

Ngalawa yenyewe ni darsa la kufunga. Gogo lililochongwa, aghalabu la mwembe, ni jembamba mno kusimama peke yake chini ya tanga. Husimama kwa ajili ya miti miwili iliyokatizwa juu yake, ambayo ncha zake hushika vibao vya pembeni viitwavyo marengu. Miti hiyo hufungwa kwa kamba, na hekima yake ni bayana kwa yeyote aliyekwisha kusafiri ndani yake: mawimbi hukipinda chombo huku na huku mchana kutwa, na msumari, kwa kuwa haujui kupinda, hupanua tundu lake, hushika kutu, na mwisho huchomoka, ilhali kamba hunyumbuka pamoja na mti kisha hurudi mahali pake. Zamani kamba hiyo ilikuwa ya makumbi ya nazi, yenye kustahimili maji ya chumvi. Siku hizi nailoni imeshika nafasi yake, nayo ina nguvu zaidi, lakini ni telezi na hurefuka ikilowa, kwa hiyo fundo lake lataka mzunguko wa ziada na kukazwa upya mara kwa mara.

Baada ya chombo huja vyombo vya kazi, na hapo kanuni ya kwanza ni uthakili. Kizito hukaa chini, tena katikati: nanga, mawe ya farumi, nyavu zilizolowa, ambazo uzito wake si ule zilioondoka nao ufuoni zikiwa kavu. Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika chombo kidogo maneno hayo ni kweli kwa dhahiri yake, kwani chochote kisichofungwa hufuata njia ya maji ya ngamani. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20 za maji. Chombo kikilala upande mmoja, kilo hizo hukimbilia upande uo huo na kuzidi kukilaza, na dumu la mafuta au sanduku la samaki lililoachwa huru hufanya vivyo hivyo, kwa pigo kali zaidi.

Kanuni ya pili ni utaratibu. Jarife hulazwa kwa mikunjo, kamba ya maboya upande huu na kamba ya chubwi upande ule, ili litoke bila kujisokota. Na hapana baharia mwenye akili asimamishaye mguu ndani ya duara la kamba inayokwenda chini, kwa kuwa kamba haichagui baina ya jiwe na kifundo cha mguu.

Boti yenye tezi bapa, ichukuayo mashine, ina masharti yake. Mashine ya nguvu za farasi 15 hukaribia kilo 40, na juu ya uzito huo kuna mtetemo usiokoma. Vishikio vyake vya kukaza kwa mkono havitoshi. Yafaa bolti zipite ubao mzima, nyuma yake kuwe na kipande cha ubao mgumu na washa pana ili nguvu isambae, tundu lizibwe maji yasiingie kuozesha mti, na mnyororo ufungwe pembeni, ili mashine ikibanduka isizame. Na baada ya safari ya kwanza bolti hukazwa tena.

Nayasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Katika ujana wangu nilikwenda kuvua dagaa pamoja na ami yangu, nikakabidhiwa kuifunga karabai, nami kwa haraka nikaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Wimbi la tatu nje ya mwamba liliitupa majini. Tukarejea gizani kwa kusikiliza mvumo wa maji juu ya mawe, kwa rehema ya Mungu tukafika. Ami hakunikaripia. Aliniambia tu: "Ulifunga ili tuondoke, hukufunga ili turudi."

Lakini kufunga ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kufungua. Nanga hutupwa kutoka omoni, kwani chombo kilichofungwa tezini hupokea mawimbi pale kilipo kifupi na kizito, kikajaa. Mwisho wa kamba yake hufungwa imara ndani ya chombo, ila kwa fundo linaloachia kwa mvuto mmoja, na kisu kikali huwekwa mahali ambapo mkono hukipata hata gizani. Maana nyavu zikinasa kwenye mwamba, mkondo ukakivuta chombo ubavu, uhai hutegemea kukata upesi.

Mapatano ya Cape Town ya mwaka 2012 juu ya usalama wa vyombo vya uvuvi yaliandikwa kwa ajili ya vyombo vya mita 24 na zaidi. Ngalawa haimo humo, na kila alfajiri mkaguzi wake wa mwisho ni mkono wa mwenyewe.

Mzee wa Nungwi, alipofika kwenye mti wa nyuma, alikuta kamba imelegea kidogo, kiasi cha kidole kupenya. Maji yalikuwa yanakupwa na wenziwe walikuwa wamekwisha kutweka. Hakuongeza fundo juu ya fundo. Aliifungua kamba yote, akainyoosha, akaanza upya, na ndipo alipoisukuma ngalawa yake majini.