Mafuta ya Mwili Inasaidia Kidonda Kupona



Katika biolojia tulijifunza kwamba mafuta chini ya ngozi inalinda mwili na baridi, tena ni akiba ya chakula. Lakini iko kazi ingine: munganga anaweza kutwaa mafuta ya mugonjwa mwenyewe ili kidonda chake kipone. Tutaeleza jambo hili kwa mufano wa ugonjwa wa fistula.

Fistula inatoka wapi? Mama akikaa na utungu siku mbili ao tatu bila kuzaa, kichwa cha mutoto kinafinya kibofu juu ya mufupa. Damu haipiti tena. Nyama ya pale inakufa, na tundu linabaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mukojo unatoka usiku na mchana. Mara nyingi mutoto naye anakufa. Katika mashariki ya inchi yetu, ubakaji wa wakati wa vita umeleta fistula vilevile.

Munganga anashona tundu. Lakini nyama ya kando imekuwa ngumu, damu yake ni kidogo, na shamba bila maji halizai. Basi, anatwaa kipande cha mafuta pembeni, katika mudomo wa nje wa sehemu ya siri. Hakikati chote: upande moja unabaki na mishipa yake ya damu. Anakipitisha chini ya ngozi na kukilaza juu ya mushono. Kipande hiki kinaleta damu, tena kinatenga kibofu na njia ya uzazi. Mwili haukikatai, sababu ni chake. Munganga Heinrich Martius wa Ujerumani alieleza njia hii mwaka 1928. Leo waganga wengi hawaifanyi kwa kila mugonjwa. Wanaichagua zaidi kwa fistula kubwa, ao ile iliyoshonwa mbele bila kupona.

Hapa Kongo, hospitali ya Panzi kule Bukavu inajulikana sana kwa kazi ya kutengeneza fistula. Munganga Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999 pamoja na kanisa la Kiprotestanti la CEPAC.

Wandugu, tushike neno hili. Mama anayenuka mukojo hakulogwa, wala si malipo ya zambi. Tusimucheke, tusimutenge, tumuonyeshe njia ya hospitali. Na utungu ukianza nyumbani kwetu, tupeleke mama materniti bila kungojea. Kuzuia tundu ni rahisi kuliko kulishona.