Dhahabu ya Kamituga inapotelea wapi?

Katika Kivu ya Kusini, watu wengi wa makanisa yetu wanaishi kwa dhahabu, hata wale ambao hawajashuka shimoni hata siku moja. Minervali ya watoto, mabati ya kanisa, sadaka ya Siku ya Bwana: sehemu yake inatoka Kamituga, Misisi na Shabunda. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe neno ambalo wakubwa wa madini wanalirudia katika kila mkutano: trasabilite. Ni kuweza kujibu ulizo moja tu: dhahabu hii ilitoka shimo gani, na ilipita mikononi mwa nani mpaka ikamfikia sonara?

Tuifuate njia yake. Kreseri anatoa jiwe. Mama twangeze analitwanga mpaka liwe unga. Unga unaoshwa, kisha unachanganywa na zebaki ili chembe za dhahabu zishikamane. Zebaki inachomwa motoni, na moshi wake, ambao ni sumu, unavutwa na wote walio karibu, mtoto mgongoni naye pia. Negosia mdogo ananunua hapo hapo. Bei anaipanga yeye, maana mara nyingi ndiye aliyekopesha mwenye shimo chakula na pampu. Anamwuzia mkubwa wake wa Bukavu. Kutoka hapo, ikifuata sheria, dhahabu inaingia komptwari yenye ruhusa, inapimwa na CEEC, inapewa cheti cha CIRGL, ndipo inapanda ndege. Isipofuata sheria, inavuka mpaka kuelekea Bujumbura, Kigali ao Kampala, na mara nyingi mwisho wa safari ni Dubai.

Ni ngapi inafuata sheria? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba katika mwaka wa 2013, asilimia 98 ya dhahabu iliyochimbwa kwa mikono katika inchi yetu ilitoka kwa magendo.

Sababu ya kwanza ni umbo la kitu chenyewe. Koltani inasafiri kwa magunia, na gunia linaweza kufungwa kibandiko chenye namba. Kilo moja ya dhahabu safi ni ndogo kuliko simu ya mkononi. Na ikiisha kuyeyushwa pamoja na dhahabu ya Ituri na pete za zamani, hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha.

Sababu ya pili ni sheria zenyewe. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaliyo kwenye soko lake la hisa yachunguze kama madini wanayotumia, dhahabu ikiwemo, yanatoka Kongo ao inchi jirani na kulisha wenye silaha. Septemba ya mwaka ule Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono Maniema na Kivu zote mbili, mpaka Machi 2011. Kusudi lilikuwa jema. Walioumia zaidi hawakuwa wenye bunduki. Umoja wa Ulaya nao una kanuni yake, inayotumika tangu 1 Januari 2021.

Kwetu, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inamtaka kreseri awe na karte, awe katika koperative, na achimbe katika eneo lililotengwa kwa wachimbaji wa mikono. Lakini maeneo hayo ni machache, na mara nyingi dhahabu haimo. Sehemu kubwa ya Kamituga imo ndani ya vibali vya kampuni. Basi kreseri anakuwa nje ya sheria kabla hajainama kuchimba. Hana kibali, kwa hiyo benki haimkopeshi, kwa hiyo hana pampu nzuri wala nguzo za kutosha. Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo ya Kamituga, na watu kama 50 wakafia humo.

Na dhahabu ya mtu huyu haiwezi kupata cheti, hata kama hakuna askari aliyeigusa. Mnunuzi mwaminifu wa ng'ambo anaikataa. Mwenye magendo haulizi kitu.

Januari 2023 kampuni ya Primera Gold, ambamo Serikali ilishirikiana na watu wa Falme za Kiarabu, ilianza kununua kwa ushuru mdogo sana. Mwaka ule tani kama 5 zilitoka kwa karatasi. Ni jambo kubwa, lakini kuandika kilo si sawa na kujua shimo. Baadaye Serikali ilichukua kampuni yote na kuiita DRC Gold Trading.

Halafu mwaka wa 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, na aunsi moja, gramu 31, ikapita dolari 4.000.

Mimi naona tumeanzia pahali pasipofaa. Mashimo ni maelfu. Viwanda vya kusafishia dhahabu ni vichache, na vina anwani. Machi 2022 Marekani ilikiwekea vikwazo kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe kwa ajili ya dhahabu ya magendo kutoka kwetu. Mnunuzi wa Dubai akilazimishwa kuonyesha asili ya kila kilo, negosia wa Bukavu atakuwa na sababu ya kuandika jina la shimo katika daftari lake. Leo hana.