Gemu Kumi na Mbili kwa Elfu Thelathini

Mtoto wa kaka yangu alimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, na Desemba akaja kwangu Tanga kusubiri matokeo. Siku ya tatu akaniita kwenye kompyuta.

"Shangazi, njoo uone. Gemu kumi na mbili kwa dola 12! Hiyo ni kama elfu thelathini, kila moja inaangukia elfu mbili na mia tano. Na zimebaki siku mbili tu."

Kweli, pembeni mwa kioo saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, na gemu nacheza mwenyewe tangu 2016, usiku, nikishafunga hesabu za watu. Nikamwuliza atacheza ngapi. Akayapitia majina moja moja. Tatu alizijua, na kati ya hizo tatu moja ndiyo aliyokuwa akiitaka tangu mwaka juzi. Tisa hakuwahi hata kuzisikia.

"Basi usigawanye kwa kumi na mbili, baba. Gawanya kwa moja."

Sisi Watanzania tunaijua hesabu hii vizuri kwa sababu ya simu. Unanunua kifurushi kwa ajili ya MB, unapewa na dakika na SMS mia kadhaa, na wiki ikiisha SMS zote zimekufa bila kutumwa hata moja. Bei uliyolipa ilikuwa ya MB. Kifurushi cha gemu kiko vilevile: ndani yake kuna kitu kimoja au viwili ulivyovifuata, na kando yake kuna SMS.

Sisemi hivi kwa kuvichukia. Vifurushi hivi vilianza kwa nia njema, na mtu akiijua historia yake ataelewa kwa nini wachezaji wa zamani bado wanavipenda. Mei 2010 watengenezaji wadogo wa Marekani, Wolfire Games, waliweka pamoja gemu tano, zikiwemo World of Goo na Aquaria, wakamwambia mnunuzi alipe anachotaka. Alikuwa na uhuru pia wa kuamua fedha yake igawanywe vipi: kiasi gani kiende kwa watengenezaji, kiasi gani kwa mashirika ya hisani. Zikapatikana zaidi ya dola milioni moja. Huko ndiko ilikotoka kampuni ya Humble Bundle. Baadaye zikaja ngazi: lipa dola moja upate hizi, lipa zaidi ya wastani wa wenzako upate na zile. Mwaka 2017 kampuni ikanunuliwa na IGN, na mwaka 2021 ikaweka kiwango ambacho lazima kibaki kwake, kwa hiyo mnunuzi hawezi tena kupeleka kila senti kwenye hisani. Bado kuna sadaka ndani yake, ila sasa ni biashara yenye sadaka pembeni.

Kifurushi kikubwa kuliko vyote nilivyonunua ni kile cha tovuti ya itch.io cha Juni 2020, kilichochangisha fedha za kutetea haki za watu weusi Marekani. Kwa dola 5 ulipata kazi zaidi ya 1,700, na jumla ilivuka dola milioni nane. Siijutii dola yangu hata moja pale, kwa sababu nilijua natoa mchango. Lakini chukua kalamu: ukicheza moja kila wiki bila kukosa, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 32.

Nina daftari la jalada jeusi ninaloandika gemu zote ninazonunua. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili bei, ya tatu naweka alama nikiifungua, ya nne nikiimaliza. Jioni ile nikalitoa, tukalipitia pamoja na kijana. Kuanzia 2016 hadi 2021, ukiacha kile cha itch.io, nilinunua vifurushi tisa kwa jumla ya dola 97. Ndani yake kulikuwa na gemu 83. Nilizofungua ni 14. Nilizomaliza ni sita. Ukigawanya 97 kwa 83 kila gemu ni kama dola moja na senti, na hiyo ndiyo bei iliyokuwa ikinifurahisha. Ukigawanya kwa sita unapata dola 16.

Chini ya ukurasa huohuo kuna mstari mmoja wa Stardew Valley, niliyoinunua peke yake, bila punguzo, kwa dola 14.99. Kijana akanyamaza kidogo akiutazama ule mstari. Bei kamili ilikuwa rahisi kuliko bei ya ofa.

Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka 2016. Unarithi shamba la babu lililojaa magugu na mawe. Unapewa mbegu 15 za mboga ya mizizi, unalima, unamwagilia kila asubuhi, na baada ya siku nne unavuna. Nguvu zako zina kipimo: ukilima mno unaanguka hapohapo shambani. Tangu itoke, mwenye kazi ameiongezea mambo mengi bila kudai nyongeza, na nimeirudia kila msimu wa mvua. Na ina kitu ambacho bango la punguzo halikitaji kamwe, yaani uzito. Stardew ina kama MB 500. Kwa intaneti yangu ya nyumbani ya megabiti 10 kwa sekunde, inashuka kwa dakika saba. Gemu mpya ya mpira inataka nafasi ya GB 100. Kwa kasi ileile ni saa 22 mfululizo, kama umeme haujakatika. Anayepakua kwa bando la simu aandike gharama hiyo karibu na bei ya gemu, maana huenda bando likaizidi gemu.

Jambo lingine ni kurudisha. Tangu 2015 duka la mtandaoni la Steam linakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Ndiyo kinga bora aliyonayo mnunuzi wa gemu, hasa mwenye kompyuta ya zamani ambaye hajui kama gemu itakubali kufunguka. Lakini ukinunua kifurushi kwa muuzaji mwingine, unachopata ni ufunguo wa kuingiza Steam, na ufunguo huo Steam hairudishii fedha. Baadhi ya funguo zina hata tarehe ya mwisho ya kutumika.

Kulipia kwa mwezi ni habari nyingine, na hapa sina msimamo mmoja. Ni kama nyumba ya kupanga: unalala vizuri, lakini ukikosa kodi unatoka. Na mwenye nyumba naye anahamisha vitu. GTA V, ambayo hakuna kijana wa mjini asiyeijua, iliingia kwenye huduma ya Xbox Game Pass Januari 2020, Mei ikaondolewa. Aliyekuwa katikati ya hadithi aliachwa pale alipo. Kodi nayo hupanda: Game Pass ilianza 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi, na Oktoba 2025 ngazi yake ya juu ikafika dola 29.99.

Mimi iliniuma kwa njia ya kimya zaidi. Huduma moja nilijiunga nayo kwa kadi ya mtandaoni ya simu, nikacheza mwezi mmoja, kazi za kufunga mwaka zikaniingia. Ikaendelea kukata fedha miezi mitano, kila tarehe ileile, na kitufe cha kujitoa nilikipata baada ya kupita kurasa nne. Nilihuzunika sana, kwa sababu ningemshauri mteja wangu yeyote asifanye nilichofanya.

Na huduma nyingine hazituhesabu kabisa. PlayStation haina huduma rasmi ya mtandao kwa Tanzania, kwa hiyo wenye PS5 hufungua akaunti kama wako Uingereza au Marekani na kununua kadi za zawadi za huko. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti yake, gemu hiyo iliondolewa sokoni kwa nchi zaidi ya 170, yetu ikiwemo. Kabla ya kushangilia bei, uliza kama ofa yenyewe inakuhusu.

Hata kununua siku hizi si kumiliki kama tunavyomiliki baiskeli. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft ya 2014, ilizimiwa seva Machi 31, 2024, na waliolipa bei kamili wakabaki na jina tu. Mwezi Oktoba mwaka huo Steam ikaanza kuandika kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachonunua ni leseni. Ndiyo maana gemu ninazozipenda sana nazitafuta kwenye duka la GOG, ambako unapakua faili lenyewe na kulihifadhi kwenye diski yako. Yangu iko kabatini, na inafanya kazi hata siku ambayo intaneti haipo.

Lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne ana kitu ambacho mimi sina: siku nzima. Kwake mwezi mmoja wa kulipia ni halali kabisa. Alitaka gemu ya mpira, ambayo ikiwa mpya ni kama dola 70. Huduma ya EA Play, inayopatikana ndani ya Steam, ni kama dola 6 kwa mwezi, na toleo la mwaka uliotangulia huwa limeshaingia humo kufikia Mei au Juni. Wachezaji kadhaa walikuwa bado wako timu zao za zamani, akalalamika kidogo, akazoea. Tukalipa Desemba 15, na dakika ileile nikamwonyesha mahali pa kusitisha, maana ukisitisha mapema mwezi wako unabaki palepale. Kile kifurushi cha kumi na mbili tukakiacha saa yake iishe. Ile gemu moja aliyoitaka tukaiweka kwenye orodha, Steam itatupa taarifa ikishuka bei.

Januari 15 mpira ukafungwa. Nilipotoka kazini nikamwuliza kama tulipie mwezi wa pili. Hakugeuza hata shingo. Alikuwa ameifungua Stardew kwenye akaunti yangu, ana shamba lake mwenyewe, mvua inanyesha kwenye kioo.

"Subiri kwanza, shangazi," akasema. "Kesho navuna."