Kuiga, Kunakili na Kufuata: Tuchague Neno Gani?

Kilatini kina neno moja, imitari, na wanafunzi wa seminari hulikuta mapema katika vitabu vyao. Lakini siku mmoja wao anapotaka kulisema mbele ya waamini, aona kwamba Kiswahili hakimpi neno moja, bali maneno mengi, na kila moja lina njia yake. Akichagua vibaya, watu watasikia jambo jingine kabisa. Basi, ndugu wasomaji, tuyapime maneno hayo moja moja, halafu tutazame namna ya kuyatumia katika mafundisho.

1. Kunakili. Neno hili latoka katika Kiarabu, nalo ni la kazi ya kalamu. Twanakili barua, hati ya ubatizo, wimbo ulioandikwa ubaoni. Mwenye kunakili hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Kadiri anavyojificha, ndivyo kazi yake inavyokuwa njema. Katika masomo yetu ya Kongo wanafunzi husema pia kukopia, neno la Kifaransa lililopewa mavazi ya Kiswahili. Lakini mara nyingi wataka kusema kuiba jibu la jirani siku ya mtihani. Na mtu akitengeneza hati ya uwongo ili ionekane kama ya kweli, hapo hatusemi tena kunakili, twasema kughushi. Hatusemi kumnakili mtu. Mtu si karatasi.

2. Kuiga. Neno hili latazama yale yanayoonekana na kusikika: sauti, mwendo, mavazi, desturi. Kasuku aiga maneno ya watu, wala hajui maana yake. Mtoto amwiga mama yake akitwanga, na hivyo ajifunza. Kuiga huku ni kwema, ni mlango wa kwanza wa kila ujuzi. Wahenga walisema: Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Lakini mtoto huyo akimwiga mzee anayechechemea, atapigwa, kwa maana kuiga kwaweza kuwa dhihaka. Ndiyo sababu mtu aliyekasirika husema: Usiniige!

Wazee wetu walijua uzito wa neno hili. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianzisha hati kwa ajili ya wale walioitwa évolués, na mwaka 1952 ikaweka sheria nyingine, ile ya immatriculation. Aliyeomba alichunguzwa nyumba yake na namna ya maisha yake. Swali lilikuwa: mtu huyu amefanana na Mzungu kadiri gani? Hivyo mtu alipimwa kwa kile alichoiga, na wengi waliona uchungu, maana hata aliyeiga vizuri hakupewa kiti kilekile.

3. Kuigiza. Hili lilizaliwa na kuiga, nalo ni la mchezo. Vijana waigiza Mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu: mmoja ni Pilato, mwingine ni Petro. Watazamaji wajua, waigizaji wajua, hakuna anayedanganywa. Ubaya waanza pale mtu anapoigiza wakati watu wanafikiri anaishi. Maandiko ya Kigreki yana neno kwa mtu wa namna hiyo: hypokrites, ambalo kwanza lilikuwa jina la mchezaji wa tiatri, kabla ya kuwa jina la mnafiki.

4. Kufuatisha. Mtoto aweka karatasi nyepesi juu ya picha, apitisha kalamu pale mistari ilipopita. Au mwalimu aandika herufi juu ya ubao, naye mwanafunzi aifuatisha mpaka mkono uzoee. Kwa kunakili twatafuta karatasi ya pili. Kwa kufuatisha twatafuta mkono uliofundishwa.

5. Kufuata. Neno hili ni la miguu. Kuna anayetangulia, kuna njia, na kuna mahali pa kufika. Mfuata nyuki hakosi asali, husema watu. Wala hawasemi kwamba mfuata nyuki apata mabawa. Kutoka kufuata twapata mfuasi, kama vile kutoka kupika twapata mpishi.

Sasa tuyafungue Maandiko. Katika Injili Bwana Yesu awaita wavuvi wamfuate. Kigreki chasema akolouthein, kwenda nyuma ya mtu. Lakini Paulo Mtume, akiwaandikia Wakorinto (1 Kor. 11, 1) na Waefeso (Ef. 5, 1), atumia neno jingine, mimetes, ambalo Vulgata yalifasiri imitator. Watafsiri wa Kiswahili hawakuchagua neno moja: wengine waliandika kuiga, wengine kufuata. Kila upande una sababu. Aliyeandika kuiga alishika tofauti ya Kigreki. Aliyeandika kufuata aliogopa msomaji asifikiri habari ya kasuku.

Petro Mtakatifu atusaidia. Katika barua yake ya kwanza (2, 21) aeleza kwamba Kristo aliteswa na kutuachia hypogrammos. Neno hilo lilitumika kwa mfano wa herufi ambao mwalimu aliwapa watoto waufuatishe. Na mara hiyohiyo Petro aongeza nyayo na kuzifuata. Mkono na miguu pamoja: herufi twapewa, lakini safari sherti tuifanye wenyewe.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mhubiri akisema Mwigeni Kristo, asiliache neno hilo peke yake. Alitie nguvu kwa kufuata. Na mwanafunzi wa seminari ajichunguze pia. Akishika sauti ya padri wake, kikohozi chake na namna yake ya kuinua mikono, ameiga. Akisoma mahubiri ya mwingine neno kwa neno, amenakili. Hajafuata bado.

Padri Stefano Kaoze, aliyepata upadri huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongo wa wakati wetu, alijifunza Kilatini na filosofia kwa walimu wageni. Lakini alipokuwa bado mseminari alitumia masomo hayo kuandika juu ya mawazo ya Wabantu wenyewe, na maandiko yake yalichapwa katika La Revue congolaise mwaka 1910 na 1911. Alishika herufi za walimu, akaandika maneno ambayo wao wasingeweza kuandika.

Na Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, hakuwa na Kalvario wala msalaba wa mti. Alikuwa na usiku, askari, na mtu wa kumsamehe. Alimsamehe. Hapo hakuna mchezo, wala hakuna nakala. Kuna mtu aliyetembea katika nyayo mpaka mwisho, na kwa mtu huyo Kiswahili kina jina moja tu: mfuasi.