Frankenstein: Riwaya ya Kiumbe Aliyekosa Rafiki

Anayeifungua Frankenstein akitarajia zimwi hukutana kwanza na barua. Robert Walton, nahodha kijana wa Kiingereza anayesaka njia ya ncha ya kaskazini, anamwandikia dada yake Margaret kwamba meli anayo, mabaharia anao, ila rafiki wa kushiriki naye furaha na huzuni hana. Mary Shelley alijua alichokuwa akifanya alipoanzia hapo. Wengi huikumbuka riwaya hii kwa sayansi iliyovuka mipaka, na jina la Frankenstein humpachika zimwi, ilhali ni la Victor, mwanafunzi aliyemuumba. Kinachoibeba hadithi, hata hivyo, ni upweke.

Mwandishi aliujua tangu utotoni. Mama yake, Mary Wollstonecraft, mtetezi wa haki za wanawake, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797. Akiwa na miaka 16 alitoroka na mshairi Percy Shelley, mume wa mtu, na baba yake akamsusa hadi walipooana mwishoni mwa 1816. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiti Februari 1815, hakuishi hata wiki mbili.

Hadithi yenyewe ilianza Juni 1816 kando ya Ziwa Geneva. Mlipuko wa volkano ya Tambora, Indonesia, mwaka uliotangulia ulikuwa umevuruga majira, na mvua haikukatika. Mshairi Lord Byron akawataka wenzake waliofungiwa ndani, Mary akiwamo, kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Oktoba mwaka huohuo, kazi ikiwa bado mikononi, Fanny, dada wa Mary kwa mama, alijiua.

Pengine ndiyo maana sura za kibandani zina uchungu wa pekee. Victor amemkimbia kiumbe wake dakika alipofumbua macho. Kiumbe anajificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya familia ya De Lacey, anawachungulia kupitia ufa wa dirisha lililozibwa kwa mbao. Anaona vijana wakimwekea chakula baba yao kipofu, wao wakibaki na njaa. Tangu siku hiyo anaacha kuwaibia, anakula mizizi na matunda ya msituni, na usiku anawakatia kuni. Lugha anajifunza kwa kumsikiliza Felix, mmoja wa vijana hao, akimfundisha Safie, mgeni kutoka mbali. Waliojifunza lugha ya watu wakiwa ugenini wataielewa hamu yake. Siku anayojitokeza, mzee asiyeona anamkaribisha. Felix anaingia na kumcharaza fimbo.

Baada ya hapo anadai jambo moja tu: mwenzi. Victor anakubali, anaanza kazi katika visiwa vya Orkney, kisha anamrarua mwenzi huyo mbele ya macho ya kiumbe. Mauaji ya Henry Clerval, rafiki wa Victor tangu utotoni, yanafuata. Kiumbe ana damu mikononi, lakini lawama nzito ni ya Victor. Alikuwa na Clerval, aliyemuuguza kwa miezi kadhaa, na hakuwahi kumwambia siri yake.

Riwaya ilichapishwa Januari 1818 bila jina la mwandishi. Kufikia 1824, Percy, Byron na daktari John Polidori, wanaume watatu wa kiangazi kile cha Geneva, wote walikuwa wamekufa. Miaka miwili baadaye Mary alichapisha The Last Man, riwaya ya mtu aliyebaki peke yake duniani.