Algerian: fonti ya kadi za harusi iliyonitia hasara

Leo tuongelee kitu ambacho karibu kila aliyekaa kwenye kompyuta ya kafe ameshakiona. Fungua Word, bofya orodha ya fonti. Juu kabisa, jirani na Arial, utaikuta Algerian. Ndiyo ile ya kadi za harusi, vyeti vya semina, fulana za kamati na vibao vya saluni. Mtu akitaka maandishi "yapendeze", anaenda hapo hapo.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu nimalize form four kibarua changu ni kudizaini kadi na matangazo. Mwaka jana mama mmoja wa mtaani kwetu alinipa kazi ya kadi 80 za send-off ya binti yake. Nikaandika kadi nzima kwa Algerian, kuanzia jina la bi harusi mtarajiwa mpaka namba za simu. Kwenye skrini ilikuwa inang'aa balaa. Nikatia faili kwenye fleshi, nikapeleka stationari moja kuprinti, nikaondoka zangu bila kusubiri kuona ya kwanza.

Jioni nafuata mzigo, nachoka. Herufi zote zimegeuka za kawaida, mistari imekatika ovyo, na jina la ukumbi limerukia ukurasa wa pili ambao hawakuuprinti. Kadi 80 hazina ukumbi! Mama akaziangalia, akaniuliza kwa upole tu, "Sasa mwanangu, wageni waende wapi?" Afadhali angenigombeza. Nikarudia zote kwa hela yangu.

Kilichotokea ni hiki. Ukihifadhi faili la Word kwa kawaida, fonti haimo ndani yake. Faili linabeba jina la fonti tu. Algerian huja pamoja na Microsoft Office, sio na Windows yenyewe. Kompyuta ya pale ilikuwa na programu nyingine ya ofisi, kwa hiyo ikatafuta Algerian, ikaikosa, ikaweka fonti iliyokuwa nayo. Upana wa herufi ukibadilika, mpangilio wote unavurugika.

Dawa yake ni rahisi. Hifadhi kazi kama PDF, maana hapo fonti kwa kawaida inaingia ndani ya faili. Ukitumia CorelDRAW, chagua maandishi kisha bonyeza Ctrl+Q, herufi zinageuka mchoro. Ila tunza na nakala ya mwanzo, maana ukishazigeuza huwezi tena kusahihisha jina lililokosewa. Na subiri uone kadi ya kwanza kabla hawajaprinti zote!

Nikadhani yameisha. Kadi mpya zikatoka safi, Algerian yenyewe. Siku mbili baadaye mzee mmoja mwalikwa akanipigia. "Kijana, hebu nisomee hii kadi, macho yangu yanaona maua tu." Hapo nikaanza kuichunguza hii fonti.

Kumbe ni ya zamani kuliko kompyuta. Umbo lake lilitolewa mwanzoni mwa karne ya 20 na Stephenson Blake, kiwanda cha kusubu herufi za chuma mjini Sheffield, Uingereza. Mwaka 1988 Philip Kelly akaichora upya. Jina lisikudanganye: Algeria watu huandika Kiarabu, Kitamazight na Kifaransa, na hii haifanani na mwandiko wa kule. Ni jina la kibiashara tu.

Sasa iangalie kwa karibu. Herufi ni nene, ncha zimechongoka, na pembeni kuna mstari mwembamba kama kivuli unaofanya herufi ionekane imeinuka. Halafu haina herufi ndogo. Hata usipobonyeza Caps Lock, inakutolea maumbo ya herufi kubwa. Maana yake ilichorwa kwa ajili ya maneno machache makubwa: jina la duka, kichwa cha tangazo, jina la bi harusi.

Ukiipunguza mpaka saizi 11, ule mstari wa kivuli unagandana na herufi. Ukitoa fotokopi ndio kabisa, wino unaziba nafasi zote. Na Kiswahili chetu kina maneno marefu. Jaribu kuandika "MNAKARIBISHWA NYOTE" kwa Algerian ndogo, mistari sita mfululizo, halafu mpe bibi yako asome.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi: Algerian kwa majina tu, saizi 28 kwenda juu. Tarehe, saa, ukumbi na namba za simu naweka fonti ya kawaida, yenye herufi ndogo na kubwa. Halafu naprinti moja, naishika kwa urefu wa mkono. Kama nasoma bila kukunja uso, twende kazi.

Wapo wanaosema Algerian ni ya kishamba. Mi sikubaliani. Kosa lilikuwa langu, niliipa kazi isiyo yake. Yule mama bado ananipa kazi, ila sasa kila kadi anaanza kutafuta ukumbi kabla hajasoma jina.

Nawasilisha. Na wewe mdau, fonti gani imewahi kukuangusha? Tiririka hapo chini.