Kufuli Mbili za Kadi Moja

Mkulima wa karafuu wa Ole, kisiwani Pemba, anapoishika simu yake ili apokee fedha alizotumiwa na ndugu yake aliyeko Unguja, hutumia kompyuta mbili. Ya kwanza ni simu yenyewe. Ya pili watu wengi hawaihesabu: ni laini, yaani kile kipande cha plastiki chenye bamba la rangi ya dhahabu. Chini ya bamba hilo mna chipu yenye uwezo wa kukokotoa, kumbukumbu ndogo, na namba ya siri ya biti 128 isiyotoka nje ya kadi kamwe. Mtandao unapotaka kuhakikisha kwamba laini ni ya kweli, huipelekea tarakimu zisizoweza kubashiriwa. Kadi hukokotoa jibu kwa namba ile, na jibu peke yake ndilo lisafirilo.

Fikra ya kadi hizi ilizaliwa Ulaya. Roland Moreno wa Ufaransa aliomba hataza yake mwaka 1974, ijapokuwa Wajerumani Jürgen Dethloff na Helmut Gröttrup walikwisha kuiwaza miaka kadhaa kabla yake. Kwa muda mrefu programu iliyoandikwa kwa kadi ya kiwanda kimoja haikufaa kwa kadi ya kiwanda kingine. Mwaka 1996 wahandisi wa Schlumberger waliokuwa Austin, Texas, walionyesha namna ya kuitumia lugha ya Java, baada ya kuipunguza sana, ndani ya kadi. Hapo ndipo ilipotokea Java Card.

Programu ya kadi huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, kwa zana maalumu: kuna ya kutafsiri maandishi ya mwandishi, kuna ya kuigiza kadi kabla kadi yenyewe haijaguswa, na kuna kisomaji cha kuipeleka programu kwenye chipu. Zana nyingi za makampuni huuzwa kwa leseni, nazo hazifanyi kazi mpaka ziamilishwe. Katika utaratibu ulioenea, zana husoma alama za kompyuta ya mnunuzi, kama vile namba ya diski, na kuzituma kwa mtengenezaji. Yeye hurudisha faili fupi iliyotiwa sahihi kwa ufunguo wake wa siri, na zana huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa wazi iliyo nao. Diski ikibadilishwa, huenda faili ikakataliwa. Watengenezaji wengine hutoa kijiti cha kuchomeka kwenye kompyuta, na ndani ya baadhi ya vijiti hivyo mna chipu ya namna ile ile ya kadi. Kadi hulinda zana ya kutengenezea kadi!

Wanafunzi hudhani kwamba aliyeifungua kufuli hii ameweza kuandika lolote katika laini ya mtu. Sivyo hata kidogo. Leseni hulinda kipato cha mwenye zana. Fedha za mkulima hulindwa na kufuli ya pili: funguo za kadi, zinazoshikwa na kampuni iliyoitoa. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini, na namba ya siri ya mteja ilifumbwa na kadi kabla ya kutoka kwenye simu. Wenye laini za zamani ilibidi wabadilishe, kwa kuwa menyu haikuwamo. Vodacom ilipoileta huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, njia iliyotumika ilikuwa kupiga namba fupi. Menyu ilikaa katika kompyuta za mtandao, na kadi ikabaki na kazi ya kuthibitisha laini.

Je, mwanafunzi wa Ole asiye na fedha za leseni afanyeje? Oracle hutoa bila malipo zana za Java Card pamoja na kadi ya kuigiza, na kazi kubwa ya kujifunza yaweza kufanyika humo. Akipata kadi tupu ya majaribio, mara nyingi ataikuta na funguo zijulikanazo na wote: tarakimu za msingi wa 16 kutoka 40 hadi 4F kwa mfuatano. Lakini asibahatishe. Kadi nyingi huhesabu makosa, na ufunguo usio sahihi ukirudiwa mara kadhaa, pengine 10, kadi hujifunga daima.